Kitanda cha Rubani

Ule mwaka tulikula ugali wa njano. Ukimwuliza mtu wa Voi wa umri wangu, hatakutajia tarehe. Atakwambia tu, mwaka wa unga wa njano, na mtaelewana. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yetu yalikaukia shambani kabla hayajafika magotini, ndipo yakaletwa mahindi ya ng'ambo, rangi yake kama alizeti na harufu yake kama gunia lililolala uani. Watoto wangu walipoona sufuria mara ya kwanza walipiga makofi, wakidhani nimevunjia mayai ndani. Walipoonja, walinitazama kama niliyewatukana. Huko Werugha nilikozaliwa bado kulikuwa na ndizi na kabichi kidogo, kwa hiyo sisi wenye jamaa kule juu tulipata siku moja moja ya kimanga, ndizi na maharagwe yamepondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe. Siku hiyo nilikuwa nafunga mlango ili majirani wasisikie mwiko.

Mwanangu Wakesho, nakuandikia haya kwa sababu jana uliondoka kwangu umenuna. Mimi ni bibi yako lakini nitakuita mwanangu, maana nimekubeba mgongoni kuliko mama yako alivyokubeba, na yeye analijua hilo. Ulikuja na simu, ukanionyesha shule za kufundisha urubani, zote za nchi za watu. Ukapitisha picha kwa kidole: bwawa la kuogelea, chumba chenye pazia, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe kama cha hospitali ya matajiri, na msichana amevaa miwani ya jua anacheka sijui na nani. Ukasema, "Bibi, nimechagua hii ya kitanda. Nitasie, nijaze fomu leo."

Nikakwambia: "Mimi sitasi picha. Nenda ukaone kitanda, ukaone na ndege, ndipo uje nikutemee maji."

Ukafikiri nimezeeka. Nimezeeka kweli, magoti yananiambia kila siku. Lakini maneno hayo si ya uzee. Niliyasikia nikiwa na miaka kama yako, mbele ya mtu aliyetaka kitu kile kile unachokitaka wewe, na sijawahi kukusimulia kwa sababu hukuwahi kuuliza. Sasa kaa.

Na kama utawasomea wenzako wasio Wadawida, yaani wasio Wataita kama sisi, waambie kwanza kutasa ni nini, wasije wakadhani bibi yako ni mchawi. Mtu anapokwenda safari, au anapoanza jambo kubwa, mzee wake huchukua maji kinywani, akayapuliza yatoke kama umande, na papo hapo akasema kwa sauti kwamba moyo wake hauna neno juu yako, uende salama. Moyo usio na neno, hapo ndipo penye kazi. Ukipuliza huku una wasiwasi umeubana kifuani, umemdanganya mtoto kwa kinywa chako mwenyewe, na hayo maji afadhali ungeyanywa.

Basi, mwaka huo wa unga wa njano mimi nilikaa Voi kwenye nyumba za reli. Babu yako alikuwa kazini stesheni, mchana yupo, usiku yupo, nikawa naishi na watoto na filimbi ya treni. Siku moja treni ya Taveta ikamshusha msichana mrefu, mwembamba, amebeba sanduku la mbao kichwani kama maji, akaja moja kwa moja hadi mlangoni kwangu. Aliitwa Anande. Alikuwa Mpare, kutoka ng'ambo ya mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa umefunguliwa juzijuzi tu baada ya kufungwa miaka. Mama yake na Shangazi yangu Mkamburi walikuwa marafiki wa sokoni Taveta tangu zamani, huyu na tangawizi, huyu na kabichi. Wakati mpaka umefungwa walikuwa wanatumiana salamu kwa watu wa kupita vichochoroni. Ulipofunguliwa, mama akamtuma binti yake kwa Shangazi, na Shangazi, kwa vile anakaa mlimani, akasema ashukie kwangu.

"Naomba maji ya kunywa, dada, kama hutajali," akaniambia, hata mzigo hajautua.

Mimi nikacheka. Sisi huku tunasema leta maji, yanaletwa. Huyu aliomba maji kama anayeomba shamba.

"Umekuja kufanya nini Voi na adabu zote hizo?"

"Nimekuja kujifunza kurusha ndege."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwuliza atapata wapi nguvu ya kuinua mashine vile alivyo kama fito, akasema haiinuliwi kwa mikono. Nikamwuliza kule juu mtu akibanwa na haja anafanya nini, akasema hajui, akifika ataniambia. Hapo tukawa marafiki. Mwanangu, mimi sikumaliza hata darasa la nne, lakini kuuliza sikufundishwa na mwalimu, na sikuacha nilipotoka shule.

Nikaelewa shida yake pole pole. Shule za urubani upande wetu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa karibu na shamba la mkonge, tukiiita shule ya mkonge, nyingine ilikuwa kule Maungu, kando ya reli ya kwenda Mombasa. Zote hazipo tena, usizitafute. Ukoo wake mzima ulikuwa umechanga karo. Baba ameuza kahawa yake, wajomba wametoa, hata bibi mmoja alitoa mbuzi wake wa maziwa. Karo hiyo ilikuwa ya shule moja tu. Akishalipa, imekwenda. Akikosea, hakuna anayeweza kuchanga tena, na mwaka ule wa njaa ndiyo kabisa. Juu ya hayo, ofisi ya serikali ilimwambia kwamba mwanafunzi mgeni hapewi kibali cha kukaa nchini mpaka shule iandike atalala wapi, na alale hapo hapo, si kwa jamaa. Kwa hiyo alikuwa anachagua shule na kitanda kwa pamoja, na Jumatatu ilikuwa mwisho.

Alikuwa na karatasi ya shule ya mkonge, nzuri, inang'aa, yenye picha za rangi. Kitanda cha springi. Chandarua. Bomba la maji ndani ya nyumba. Ndege nyeupe imesimama na watu wanne wamesimama mbele yake kama maharusi. Ya Maungu hakuwa na picha, alikuwa ameambiwa tu ipo.

Nikamwambia, "Sasa unauliza nini? Shika ya kitanda." Mimi wakati huo nalala na watoto wote kwenye kitanda kimoja cha kamba, mguu wa huyu kwenye sikio la yule. Mtu akiniambia springi, nilikuwa nasikia kama muziki.

Shangazi Mkamburi akashuka na kabichi zake siku ya pili. Shangazi alikuwa mfupi, mpana, sauti yake inafika kabla yake. Anande akapiga goti, "Shikamoo mama." Shangazi akamwangalia kutoka juu mpaka chini, akamwinua kwa kidevu.

"Una macho ya mama yako. Yeye pia alikuwa anaangalia mizani yangu hivyo hivyo. Umekula?"

"Amekula ugali wa njano," nikasema.

"Basi hajala."

Tukapika kimanga. Tulipomaliza, nikamwambia Shangazi kuwa mtoto ameshachagua, Jumatatu anaingia, amtasie ili ende na moyo mweupe. Anande akatoa ile karatasi. Shangazi akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaangalia nyuma yake, akainusa.

"Huku nyuma hakuna kitu," akasema.

"Ni picha, Shangazi. Picha haina nyuma."

"Ndiyo hivyo." Akairudisha mezani, akaiwekea kikombe juu isipeperuke. Kisha akasema maneno ambayo wewe uliyasikia jana. "Mimi sitasi picha. Nenda ukaone kitanda, ukaone na ndege, ndipo uje nikutemee maji."

Mimi nikaona aibu mbele ya mgeni. Nikamwambia Shangazi, mbona unamfanyia mtoto ugumu, kwanza hata wewe ni mtu wa Umoja wa Mama kanisani, padri akisikia unatema maji atasemaje.

"Padri ana maji yake, mimi nina yangu," akasema. "Na wewe Mama Mwakio usinifundishe. Ulipotaka kuolewa, nani alishuka mpaka kwa watu wa mume wako bila kuitwa? Nilifika nikasema nina kiu. Nikapewa maji, nikakaa jikoni, nikanywa kidogo kidogo mpaka jua likazunguka nyumba. Niliangalia nani anapakuliwa kwanza. Niliangalia mama mkwe wako akikohoa, nikaona mzee anamsogezea moto. Ndipo nikarudi nikakutasia. Umewahi kurudi Werugha unalia?"

Nilikuwa sijawahi.

"Leo mtoto wa rafiki yangu anakwenda kulala kwa watu na kupandishwa juu na watu hao hao, na wewe unaniletea karatasi!"

Alinikaripia kwa Kidawida, kisha akarudia kwa Kiswahili ili mgeni asikose. Anande hakununa kama ulivyonuna wewe. Alikunja karatasi, akauliza, "Mama, tukifika tutasema tuna kiu?"

Shangazi akacheka mpaka akashika tumbo. "Huyu tutaelewana."

Asubuhi tukapanda trekta la mkonge, watoto nikawaacha kwa jirani. Haki, shule ile ilikuwa nzuri. Ua umefagiwa, mawe yamepakwa chokaa, maua yanamwagiliwa wakati sisi tunapanga foleni ya maji na mitungi. Meneja alitoka na tai yake, akatupokea kama wakwe. Shangazi akasema tuna kiu. Tukaletewa maji baridi kwenye gilasi, na baada ya maji, wali. Wali mweupe, mwanangu, mwaka huo! Na nyama. Shangazi alikula sahani yake akala na nusu ya yangu, mimi nikajua mambo yamekwisha. Tukaonyeshwa vyumba. Shangazi akakaa kitandani, springi zikamrusha, akakaa tena makusudi. Akafungua bomba, akafunga, akafungua.

"Hapa hata mimi nitajifunza kurusha," akaniambia sikioni.

Kwa hiyo usidhani Shangazi alikuwa nabii. Alishapendezwa. Angeweza kutema maji pale pale juu ya shuka. Aliyetuokoa ni Anande mwenyewe, na kilichotuokoa ni kwamba hakuwa na haya ya kuuliza. Alikuwa ameona kitu. Ilikuwa saa ya jua, mbingu safi, upepo hakuna, na vijana wa shule wamelala. Wengine wako kivulini wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Viatu vyao vilikuwa safi.

Akaenda kuketi nao, nasi tukamfuata. Kulikuwa na kijana mmoja wa Zaire, Bahati jina lake, mnene kidogo, uso wa kucheka.

"Naomba kuuliza, kaka," Anande akasema. "Jana mlipaa?"

Vijana wakatazamana. Bahati akasogeza kifuniko chake cha soda, akamla mwenzake.

"Hapa tunalala muzuri, dada," akasema. "Tunakula muzuri sana. Kupaa tu ndiyo bado."

"Bado tangu lini?"

"Tangu nilipofika. Kwanza fundi alikuwa anatoka Nairobi. Kisha mafuta. Kisha mwalimu alikwenda kwao. Sasa tunangoja fundi tena."

"Na hukuuliza kabla hujaja?"

"Nilichagua kwa kitanda, dada. Nilimwonyesha baba ile picha nikamwambia, ona, mtoto wako atalala hivi. Baba akafurahi." Akaweka chini kile kifuniko alichokula. "Nirudi nikamwambie nini? Kwamba nimefuzu kulala?"

Wenzake wakacheka. Yeye pia akacheka, lakini mikono yake ilikuwa imeacha kucheza.

Tukaenda kwenye banda kuiona ile ndege ya kwenye picha. Ilikuwa nyeupe kweli, imepanguswa vumbi. Ila pale puani, nyuma ya lile panga la mbele linalozunguka, kulikuwa na kiota, na makinda ya mbayuwayu yamefungua midomo yanalia. Mama yao akaingia na mdudu, akatoka, akaruka juu ya vichwa vyetu.

Shangazi akasimama ameshika kiuno. "Angalau kuna wanaojifunza kuruka hapa," akasema.

Meneja akaja mbio akisema fundi anafika wiki ijayo, ijayo hakika, dada asiache nafasi impite. Anande akamshukuru kwa wali, akamshukuru kwa maji, akamshukuru kwa trekta ambalo halikuwa lake. Tulipokaribia mji njiani kurudi akaniuliza, "Dada, kama na kule Maungu ni hivi hivi?" Nikaona sasa ana hofu. Ukoo mzima umekaa ng'ambo ya mpaka unangoja rubani, hata yule bibi aliyetoa mbuzi.

Maungu tulikwenda kesho yake kwa lori la saruji, tukashuka weupe kama mizimu. Mwanangu, pale hakukuwa na ua wala ukoka. Nyumba ya mabati, ndefu, kama ya kuku. Tangi la maji limebonyea upande mmoja, tukaambiwa ndovu walilisukuma wiki iliyopita wakitafuta maji. Hakuna aliyetupokea kwa sababu hakukuwa na mtu. Wote walikuwa uwanjani au angani. Tukasikia mngurumo, tukatazama juu, kindege kimoja chekundu kikazunguka, kikashuka, kikagusa ardhi, na kabla hakijasimama kikapaa tena. Shangazi akapiga kelele kwamba kimekosea. Mpishi akatoka akasema hakikukosea, ndivyo wanavyofundishwa, siku nzima wanagusa na kuondoka.

Mpishi huyo alikuwa mama kutoka Mwanda, huko kwetu milimani, Mdawida mwenzetu, Mama Samba. Shangazi akasema tuna kiu. Tukapewa maji yana chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Shangazi aliyanywa yote huku anaangalia. Vitanda vilikuwa vya mbao, havijatandikwa. Mashati yametundikwa misumarini yana ramani za jasho. Ukutani ramani nyingine za karatasi, zimechorwa na kalamu, mistari kwenda Taveta, kwenda Malindi, kwenda nisikokujua. Chakula jikoni ugali wa njano na mchicha.

Mwalimu akaja, Mkamba mmoja mfupi, Musembi, uso umeungua jua na miwani imemwachia duara. Anande akauliza swali lake, naomba kuuliza, jana mlipaa?

"Jana, juzi, na leo mpaka upepo uharibike," akasema. "Nani anauliza?"

"Mimi. Nataka kujifunza."

Musembi akamwangalia, akaangalia sisi wawili wenye saruji usoni. "Kujifunza sikatai. Lakini sina chumba cha mwanamke. Na wewe si wa huku, nasikia kwa ulimi wako. Ofisi itataka kitanda. Nenda shule ya mkonge, wana vitanda."

Yaani tumepata ndege, hakuna kitanda. Jana kitanda, hakuna ndege. Nilitaka kulia kwa ajili yake. Alale kwa Mama Samba? Mama Samba ana mume na watoto kwenye chumba kimoja. Musembi akakuna kichwa, akaonyesha stoo mwisho wa nyumba, chumba kidogo chenye tairi, mitungi ya grisi, na mbawa na mlango wa ndege iliyokufa. "Labda hapo," akasema. "Mlango unafungwa kwa kufuli."

"Kufuli ya nje?" Anande akauliza.

"Ya nje."

"Ufunguo unakaa na nani?"

"Na mimi, ni stoo yangu."

"Basi hapana," Anande akasema. "Nashukuru sana, mwalimu. Hapana."

Alisema polepole, na adabu zake zote, na hakuinamisha macho. Mimi nikamfinya kiuno. Nilimnong'oneza, wewe, una wazimu, ndege ndizo hizo, utakosa yote! Yeye hakugeuka. Musembi alikuwa mtu wa heshima, watu walimjua, lakini Anande hakuwa amekuja kumpima mtu mmoja. Nilielewa baadaye. Alikuwa anapima mlango, na mlango unabaki pale hata mwalimu mwema akiondoka, akaja mwingine usiyemjua.

Wanafunzi walikuwa wamesimama pale na sahani zao, wanasikiliza. Anande akawageukia, na udadisi ule ule wake.

"Naomba kuuliza. Zile tairi, haziwezi kulala kwengine?"

Kijana mmoja akaanza kucheka. "Zinaweza kulala na sisi! Hata sasa mwenzangu anakoroma kama injini, tairi haitasikia tofauti."

"Na mitungi?"

"Chini ya vitanda."

"Na komeo, mwalimu? La ndani?"

Musembi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaingia stoo. Tukasikia anagonga, anatukana chuma kwa Kikamba. Akatoka na komeo alilong'oa kwenye mlango wa ile ndege iliyokufa, zito, limetengenezwa lisifunguke hata mtu akipigwa na dhoruba. Akalipigilia ndani ya mlango wa stoo yeye mwenyewe, skrubu moja moja, na zile funguo za stoo akampa Mama Samba azifunge kwenye leso yake mbele yetu sote. Vijana wakabeba tairi wakiimba kama wanaohamisha bibi harusi.

Shangazi akasema haamini bado. Akaingia, akajifungia. Sauti ikatoka ndani: "Sukumeni!"

Vijana wakasukuma kwa bega.

"Sukumeni nimesema! Nyinyi mmekula nini?"

"Ugali wa njano, bibi!"

"Ndiyo maana!"

Mlango haukusogea. Alipotoka alikuwa na uso mwingine. Akaomba maji ya yale ya chumvi, akajaza mashavu, akapuliza kizingitini, akapuliza pale kitanda kitakapokaa. Akamwita Anande, akampulizia kichwani na mikononi. "Moyo wangu hauna neno," akasema. "Nimeona unapolala, nimeona unapopandia. Ulale, uamke, upande. Na kushuka usisahau." Tulidhani amemaliza. Akachukua kikombe akaenda mpaka kwenye kile kindege chekundu akakipulizia usoni, Musembi anamkimbilia na kitambaa, "Kioo, mama! Kioo!" Mimi nilicheka nikakaa chini kwenye vumbi.

Anande alipaa, mwanangu. Baada ya muda mrefu kidogo, siku moja kindege chekundu kilizunguka juu ya matuta ya Werugha, chini sana, Shangazi yumo katikati ya kabichi anakitishia kwa jembe na machozi yanamtoka. Na siku aliponijia kuniaga, nilimwuliza lile swali langu la haja. Aliniambia jibu. Sitaliandika hapa.

Bahati nilimwona mara moja tu tena, stesheni ya Voi, na sanduku lake, anangoja treni. Nilimpa ndizi. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Nimenenepa, mama," akaniambia, akijaribu kucheka. Alikuwa amenenepa kweli, ngozi inang'aa, na hakuwahi kupaa hata siku moja. Mpaka leo nikiona kitanda kizuri sana namkumbuka yule mtoto wa watu, na baba yake aliyeonyeshwa picha akafurahi.

Sasa, Wakesho, sikiliza bibi yako. Sisemi ulale pabaya. Kitanda ni kitu kikubwa, rubani asiyelala ni kaburi lenye mabawa, na mgeni asiye na mlango wa kufunga hana shule hata kama ina ndege mia. Ninachokwambia ni kwamba usipende kimoja ukasahau kingine. Nenda. Mabasi yapo, na ndege zipo, si ndizo unazozitaka? Ukifika usianze na mtu mwenye tai. Sema una kiu, ukae, uangalie viatu vya wanafunzi. Uulize kama jana walipaa, si kama watapaa, na uangalie wanavyotazamana kabla ya kujibu. Uulize ufunguo wa chumba chako unakaa na nani. Wakikucheka kwa swali hilo, beba sanduku lako. Wakileta komeo, kaa. Na kama ni mbali hufiki, basi mtafute aliye ndani, mgeni kama wewe, umwulize peke yake bila meneja kusikia. Usiogope kuonekana mshamba. Anande alionekana mshamba sehemu mbili kwa siku mbili, kisha akatupita juu ya vichwa.

Mungu akutangulie mlangoni na angani, akupe usingizi na akupe upepo mzuri, na chakula chako kisiwe cha njano. Haya nakuombea kuanzia leo, bure. Lakini yale maji bado yako kwenye mtungi wangu, nimeyafunika na sahani, yanakungoja. Usije tena na simu kunibembeleza. Jibu langu ni lile lile la jana, na ni lile lile la Shangazi Mkamburi mezani kwangu mwaka wa unga wa njano.

Mimi sitasi picha. Nenda ukaone kitanda, ukaone na ndege, ndipo uje nikutemee maji.